Matairi ya Baiskeli ya Mbio: Namna ya Kuchagua Yadumuyo na Yasiyomchosha Mpandaji

Mtu anunuapo baiskeli ya mbio, aghalabu hutazama kwanza rangi ya fremu, hesabu ya gea, na jina lililoandikwa kwa herufi kubwa. Matairi huyatazama mwisho, au hayatazami kabisa mpaka siku ya pancha ya kwanza. Lakini katika baiskeli nzima hakuna kitu kigusacho barabara ila matairi mawili, na kila moja huigusa kwa sehemu ndogo sana, isiyozidi stempu mbili za barua. Juu ya sehemu hizo ndiko kunakokaa uzito wote wa mtu, na breki zake, na usalama wake anapoteremka mlima kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Tena bei ya tairi moja zuri huweza kuwa ujira wa siku kadhaa. Kwa hiyo yafaa mtu akijue anachokinunua kabla ya kutoa fedha yake.

Somo hili ni la wenye baiskeli nyembamba za mbio, zile zenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo, ambazo nyingi katika nchi zetu hufika zikiwa zimekwisha kutumiwa Ulaya. Mwenye baiskeli ya mizigo, ile iitwayo Black Mamba, ataona kwamba mengine humu yamfaa na mengine hayamhusu.

SOMA NAMBA KWANZA

Ubavuni mwa tairi pameandikwa namba mbili zilizotengwa kwa kistari, kwa mfano 28-622. Namba ya kwanza ni upana wa tairi, kwa milimita, likiisha kujazwa upepo. Ya pili ni kipenyo cha mahali ukingo wa tairi unapokaa ndani ya rimu. Namba ya kwanza mtu aweza kuichagua. Ya pili haina hiari.

Baiskeli za mbio za siku hizi karibu zote ni 622, na madukani matairi yake huitwa 700C. Lakini nyingi za zamani zilikuwa 630, zinazoitwa 27 kwa 1¼. Tofauti ni milimita 8 tu, na jicho haliioni upesi. Hata hivyo tairi la 622 haliingii katika rimu ya 630, hata fundi akivunja vyuma vyake vya kutolea tairi. Na tairi la 630 huingia katika rimu ya 622 bila taabu yo yote, na hilo ndilo la hatari, maana halishikwi na kitu. Likijazwa upepo huruka nje, pengine papo hapo na pengine njiani.

Mtego mwingine umo katika neno «ishirini na nane». Black Mamba huitwa baiskeli ya 28, na tairi lake, 28 kwa 1½, ni 635. Baiskeli ya mbio nayo wauzaji wengine huiita ya 28, hali ni 622. Tena kuna tairi la mbio ambalo upana wake ni milimita 28, na hilo ni jambo la tatu kabisa. Basi usimwambie muuzaji, «Nipe la 28.» Mwonyeshe namba yenye kistari, au nenda dukani na tairi lako kuukuu mkononi.

PANA AU JEMBAMBA?

Kwa miaka mingi watu waliamini kwamba tairi likiwa jembamba na gumu ndivyo liendavyo kasi. Wenye mbio walipanda matairi ya milimita 23, na kabla yake hata ya 20, wakayajaza upepo mpaka yakawa kama chuma. Mikono ikafa ganzi na migongo ikauma, nao wakadhani kwamba hayo ndiyo malipo ya kasi.

Aliyevumbua tairi la upepo la baiskeli hakuwa na mawazo hayo. John Boyd Dunlop alikuwa daktari wa mifugo katika mji wa Belfast, na alilitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe, apate kupita juu ya mawe ya mjini bila kutikiswa sana. Hati ya uvumbuzi wake aliipata mwaka 1888, na mwaka uliofuata mpandaji Willie Hume aliyatumia matairi hayo akawashinda waliopanda mipira isiyo na upepo ndani. Yaani tairi lililobuniwa kwa ajili ya raha ndilo lililoleta kasi.

Sababu yake si ngumu kueleza. Gurudumu likizunguka, tairi hupondeka kidogo pale linapogusa chini, kisha hurudi katika umbo lake. Kila mpondeko hula nguvu kidogo, na nguvu hiyo hupotea kuwa joto. Matairi mawili yakiwa na upepo wa kipimo kimoja, lililo jembamba hugusa chini kwa alama ndefu, na lililo pana hugusa kwa alama fupi iliyotanuka. Na alama fupi huupinda ubavu wa tairi kidogo zaidi. Hayo ni ya barabara laini. Katika barabara mbaya liko jambo kubwa kuliko hilo. Tairi gumu likikuta kokoto halimezi kokoto ile, bali hulipanda, na kwa kulipanda huinua baiskeli pamoja na mtu. Kokoto moja si kitu. Lakini katika lami yetu iliyomwagiwa kokoto juu, mtu huinuliwa mara maelfu kwa kila kilomita, na miguu yake ndiyo ifanyayo kazi hiyo ya kuinua, ingawa yeye hajui.

Wenye mbio wa Ulaya wamekwisha kuligundua hili, wakahama kutoka milimita 23 wakaenda 25, kisha 28 na zaidi. Katika mashindano ya Paris–Roubaix, ambayo hupita katika njia za mawe za kaskazini ya Ufaransa, matairi ya 30 na zaidi ni jambo la kawaida sasa. Na mtu aliyetazama mashindano ya dunia yaliyofanywa Kigali mwezi wa Septemba 2025, ambayo yalikuwa ya kwanza kufanywa katika Afrika, aliwaona wapandaji wakikwea mawe ya Kimihurura mzunguko baada ya mzunguko. Atafahamu bila kuelezwa kwamba tairi gumu kama chuma halina kazi mahali kama pale.

Wingi wa hewa ndani ya tairi hauendi sawa na upana, bali hupanda upesi zaidi. Tairi la 28 lina hewa zaidi ya la 23 kwa karibu nusu, na la 32 lina hewa zaidi ya la 25 kwa zaidi ya nusu. Hewa hiyo ndiyo mto anaoukalia mpandaji. Kwa barabara zetu, shauri letu ni kwamba mtu achukue la 28 kama fremu yake inalikubali, na la 32 kama nalo laingia. La 25 ni kwa mwenye fremu ya zamani isiyo na nafasi. La 23 waachiwe wenye viwanja vya mashindano.

Kuijua nafasi si kazi. Chukua ufunguo wa pembe sita wa milimita 4, ambao kila fundi anao, upitishe kati ya tairi ulilo nalo na fremu, pande zote mbili, kisha chini ya breki na kati ya uma wa mbele. Ukipita kwa wasaa mwingi, tairi pana zaidi huenda likaingia, ukikwama, usijaribu. Kumbuka pia kwamba rimu pana hulitanua tairi, hata lililoandikwa 28 likawa 29 au 30. Tairi linalokwaruza fremu wakati wa matope hukata rangi kwanza, na baadaye hukata fremu yenyewe.

TAIRI LIMEFANYWA KWA NINI

Chini ya mpira mweusi tairi ni nguo. Nguo hiyo ni nyuzi za nailoni, au pamba katika matairi ya bei kubwa, zilizolazwa kwa mshazari na kupakwa mpira. Nyuzi zikiwa nyembamba na nyingi, nguo huwa laini, hupindika kwa urahisi, nalo tairi huenda vizuri bila kumtikisa mtu. Zikiwa nene na chache, nguo huwa ngumu, lakini huvumilia kukwaruzwa. Wengine huandika hesabu ya nyuzi kwa kila inchi: 60 ni nguo ya kazi, 120 ni nguo laini. Lakini usiifanye hesabu hiyo kuwa hakimu, kwa maana wako watengenezaji wanaohesabu nyuzi za tabaka zote pamoja, ndipo namba ikawa kubwa. Vidole havidanganyi kiasi hicho. Libonye tairi ubavuni pale dukani: lililo kavu na gumu kama kadibodi litakuwa kavu na gumu barabarani pia.

Kati ya nguo na mpira wa juu, tairi zuri lina mkanda wa kuzuia miiba. Mikanda hii ni ya namna mbili. Iko iliyofumwa kwa nyuzi kali, kama zile za Kevlar, ambazo ni jamii ya nyuzi za fulana za kuzuia risasi. Mikanda hii ni myepesi, na huzuia vigae vya chupa vizuri, lakini mwiba mrefu mwembamba huweza kupenya kati ya uzi na uzi. Na iko ya mpira mnene, kama ile ya milimita 5 iliyo katika tairi la Schwalbe Marathon Plus. Mkanda wa namna hii mwiba huchoka kabla ya kuufikia mpira wa ndani, lakini tairi huwa zito na zembe, na mwenye haraka hatalipenda.

Basi mtu aulize kwanza adui wake ni nani. Katika nchi kavu, na kandokando ya njia za mifugo, adui ni mbigili na miiba ya migunga. Mjini ni vigae vya chupa. Katika barabara kuu ni kitu ambacho wengi hawakifikirii: nyaya nyembamba za chuma zinazotoka katika matairi ya malori yaliyopasuka. Nyaya hizo hulala pembeni mwa lami, mahali pale pale mwenye baiskeli anapoendeshea, nazo ni nyembamba kama sindano. Kwa mbigili na nyaya, mkanda mnene ndio bora. Kwa vigae, wa kufumwa watosha. Wala usisahau kwamba mkanda hukaa katikati tu. Ubavu hauna ulinzi huo, isipokuwa katika matairi machache yaliyotiwa nguo ya ziada ubavuni, na mwenye kupita njia za mawe makali yafaa ayatafute hayo.

Mpira wa juu nao una siri yake. Mpira laini hushika barabara ya mvua vizuri, lakini huisha upesi. Mpira mgumu hudumu, lakini huteleza juu ya rangi nyeupe za barabarani na juu ya vifuniko vya chuma. Hapana tairi lililo jepesi, la kudumu, laini, lenye kushika na la bei rahisi, yote pamoja, na muuzaji asemaye kwamba analo anasema tu. Tuseme mtu akaa Kikuyu na kazi yake iko Nairobi, mwendo wa kilomita 20 hivi. Kwa kwenda na kurudi siku tano, ni kilomita 200 kwa juma, na kwa majuma 50 ni kilomita 10,000. Tairi la mashindano lenye mpira laini, likiwekwa nyuma, laweza kwisha kwa kilomita 2,500; mtu huyo atanunua manne kwa mwaka. Tairi la mazoezi, lenye mpira mgumu kidogo na mkanda, laweza kufika 5,000, atanunua mawili. Kwa hesabu hiyo hata kama la pili ni ghali zaidi kidogo, ndilo rahisi.

Wengine hutafuta tairi lenye mikato mingi, wakidhani kwamba lisilo na mikato litateleza kwenye maji. Hivyo ndivyo ilivyo kwa motokaa, ambayo tairi lake ni pana na mwendo wake mkubwa, hata maji hushindwa kukimbia chini yake. Tairi la baiskeli ni jembamba na la mviringo, nalo huyakata maji lenyewe. Juu ya lami, mvua isinyeshe au inyeshe, tairi laini lisilo na mikato ndilo linaloshika zaidi, kwa kuwa mpira mwingi zaidi wagusa barabara. Mikato ina faida katika udongo na matope tu. Tena kuna matairi yenye waya wa chuma ukingoni na mengine yenye uzi mkali unaokunjika. La kukunjwa ni jepesi kidogo na huingia katika mfuko. La waya hudumu vile vile na bei yake ni nafuu.

RATILI NGAPI ZA UPEPO

Tairi bora likijazwa upepo vibaya ni kama tairi baya. Uso wa pampu una herufi PSI, maana yake ratili kwa kila inchi ya mraba, na mara nyingi una BAR pia. Bar 1 ni karibu ratili 14½. Mtu wa kilo 70 aweza kuanza hivi: kwa tairi la 25, ratili 85 nyuma na 80 mbele; kwa la 28, ratili 72 nyuma na 67 mbele; kwa la 32, ratili 58 nyuma na 53 mbele. Aliye mzito aongeze ratili 5 hivi kwa kila kilo 10, na mwepesi apunguze vivyo hivyo. Kisha apande siku chache, akipunguza mbili mbili mpaka aone rimu yakaribia kugonga kwenye mashimo, ndipo arudishe kidogo. Kipimo kikubwa kilichoandikwa ubavuni mwa tairi ni mpaka usiovukwa. Si agizo la kujaza mpaka hapo, kama wengi wanavyodhani.

Kidole gumba ni mwongo katika kazi hii. Ukibonya tairi lenye ratili 60 na lenye 90, yote mawili utayaona magumu. Vijana wachache wakichanga fedha wakanunua pampu moja ya kusimama yenye saa, itawalinda matairi yao yote kwa miaka. Na baiskeli iliyojazwa asubuhi ya baridi isiachwe juani adhuhuri: tairi la ratili 80 likipata joto kutoka nyuzi 20 mpaka 50 za sentigredi hufikia karibu 90.

Rimu nyingine mpya hazina ukingo uliopinda kwa ndani wa kulishika tairi. Rimu hizo zisipite bar 5, yaani ratili 72½, wala hazikubali kila tairi; msomaji mwenye nazo asome maandiko ya mtengenezaji kabla ya kununua. Na kuhusu matairi yasiyo na mpira wa ndani, yanayotiwa dawa ya majimaji ya kuziba matundu, hayo ni mazuri sana mahali penye mbigili nyingi, maana matundu madogo huziba yenyewe njiani. Lakini dawa hukauka, na katika joto hukauka upesi, ikapasa kuongezwa kila baada ya miezi michache. Anayekaa mbali na duka liuzalo dawa hiyo hatafaidi, na hata anayekaa karibu yafaa achukue mpira mmoja wa ndani safarini.

PANCHA YAENDA NA HABARI YAKE

Mtu akipata pancha, asikimbilie kiraka. Autoe mpira wa ndani, ajue tundu liko upande gani, kwa maana tundu husema lilivyotokea. Tundu moja upande wa nje ni mwiba au kigae, nacho huenda kingali kimo ndani ya tairi. Pitisha kitambaa kwa ndani, wala si kidole kitupu, nacho kitanasa. Matundu mawili madogo yaliyokaa sambamba ni mpira uliobanwa kati ya rimu na jiwe, yaani upepo ulikuwa mdogo. Tundu upande wa ndani, unaoelekea rimu, ni utepe wa rimu uliohama ukaacha vichwa vya spoku vitokeze, na hilo tairi jipya halitaliponya.

Mara moja kwa juma ligeuze gurudumu polepole, ung'oe vigae vidogo vilivyokwama katika mpira. Kigae cha leo hakijafika ndani; kila mzunguko hukisukuma mbele kidogo.

LIPI LIWE MBELE

Tairi la nyuma hubeba uzito zaidi na huvutwa na mnyororo, kwa hiyo huisha kwanza. Wengi hununua jipya wakaliweka nyuma, wakaliacha la mbele lizeeke. Hilo si shauri zuri. Tairi la nyuma likipasuka, baiskeli huyumba, na mtu huweza kuisimamisha. La mbele likipasuka katika mteremko kama ule wa Mai Mahiu, usukani haumtii tena mwenye nao, na malori yako nyuma yake. Basi la nyuma likiisha, hamisha la mbele liende nyuma, na jipya liwe mbele sikuzote.

Kuisha kwake kwajulikana kwa mgongo uliokuwa mviringo kuwa bapa, na kwa nyuzi kuonekana. Matairi mengine, kama ya Continental, yana vidimbwi viwili vidogo katikati. Vikifutika, muda wake umekwisha. Anayenunua baiskeli iliyotumika atazame ubavu kuliko mgongo, kwa sababu tairi lililokaa ghalani miaka mingi huweza kuwa na mpira tele juu, na ubavu umepasuka mipasuko myembamba kama udongo wa kiangazi. Tairi hilo limekwisha kufa hata kama halijatembea, nayo bei ya baiskeli ipunguzwe kwa thamani ya matairi mawili mapya.

Tairi la akiba liwekwe gizani, mbali na jua, mafuta ya taa na petroli, ambavyo huula mpira. Lisitundikwe juu ya msumari mmoja kwa miezi, maana hupinda pale lilipotundikwa. Likunjwe kwa upole kama ni la kukunjwa, au lilazwe sakafuni mahali pakavu.